Mita Moja na Nusu ya Waya

Jumatano, saa tisa alasiri, fundi alirudi nyumbani mapema na kumkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, begi miguuni. Begi lilikuwa limefungwa zipu hadi mwisho. Mama alikuwa amevaa viatu vya kutokea, shali begani. Nguo zake za kushindia nyumbani zilikunjwa na kupangwa juu ya kiti, safi, kama za mtu ambaye hatazivaa tena.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Si Jumamosi, saa nne? Nimeona nijiandae mapema, nisije nikawachelewesha."

Fundi aliliangalia begi tena. Habari ya Jumamosi ilijulikana na watu watatu tu: yeye, mkewe, na dada yake mkubwa aliyekaa mji mwingine. Walikubaliana mama asiambiwe mpaka Ijumaa jioni, tena kwa utaratibu. Akamwuliza nani amemwambia.

"Baba yako."

Baba yake alikuwa na miaka sita kaburini.

"Alikuja humu?"

"Hakuja. Yumo." Mama akaelekeza kidevu ukutani, upande wa mto wake. "Mkidhani nimelala, ndipo anaposema. Anasema taratibu, kama mtu aliye chini ya kisima."

Kazini walimwita Milimita, kwa sababu hakuna soketi aliyoifunga bila kuiwekea pima maji juu kuona kama imenyooka, hata kama ingefichwa nyuma ya kabati. Hakuwa mtu wa kutishika. Kitu kikiharibika huuliza, huandika, ndipo hushika bisibisi. Akatoa daftari lake la kazini, akavuta stuli, akamwomba mama amtajie maneno aliyosikia, moja baada ya jingine.

Mama akamhesabia kwa vidole, bila kinyongo, kama anayetaja vitu vya kununua. Kwamba ni Jumamosi, saa nne. Kwamba godoro limeharibika, na shuka anazifua mwenyewe mchana na kuzianika nyuma ya tangi akidhani haonekani. Kwamba yeye mama amekuwa mzigo. Hapo alitulia kidogo, akaivuta shali. Kisha akasema lipo neno moja la zamani zaidi ambalo hakulielewa: kwamba waya haukutosha, kwa hiyo njia ikakatwa.

Kalamu ikasimama. Baba yake alikuwa karani wa posta. Maisha yake yote hakuwahi kubadilisha hata balbu. Fundi akaliandika neno hilo kama alivyoyaandika mengine, akaliwekea alama ya kuuliza.

"Na sauti ni yake kweli?"

"Imekuwa nzito zaidi. Hata wewe ukikaa miaka sita chini ya udongo, sidhani kama utaimba vizuri."

Fundi alitazama redio ndogo iliyochomekwa kichwani pa kitanda. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu mwenye akili angelifikiria. Akaichomoa, akaizungushia waya wake, akaipeleka sebuleni. Mama aliisindikiza kwa macho. Ndiyo iliyokuwa ikimpa taarifa ya habari tangu mumewe akiwa hai.

*

Chumba cha mama hakikuwa chumba mpaka miezi mitano nyuma. Kilikuwa nusu ya sebule. Fundi alisimamisha nguzo za bati, akapigilia bodi za jipsamu pande zote mbili, akaziba maungio, akapaka rangi. Ukuta wenye unene wa sentimita kumi, na ndani yake hewa tupu. Mwishoni alifunga soketi mbili: moja upande wa mama, ya redio na taa, na moja upande wa sebule, karibu na kochi.

Hiyo ya sebuleni ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa. Betri ya simu ya mkewe ilikufa tangu mwaka jana, na simu haikuwaka mpaka iwe imechomekwa. Kwa hiyo kila aliyetaka kuzungumza jambo la maana na ndugu alikaa kwenye stuli fupi, kichwa kimeinama karibu na ukuta, waya ukiwa umemshika kama mbuzi aliyefungwa kigingini.

Mke alirudi saa kumi na moja kutoka kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, mikono imekunjamana kwa maji. Fundi alimweleza. Mke alimsikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani.

"Nani kamwambia habari ya shuka?" akauliza. "Hilo nimelisema kwa wifi peke yake."

Walihakikisha mama amejilaza. Mke akachomeka simu, akaweka sauti ya wazi ili wote wasikie, wakampigia dada. Dada hakustuka. Alisema, kama mtu aliyelingojea jambo hilo, kwamba sasa lile swali la kumi na nne limejijibu.

Fomu ya kituo cha wazee, walikotakiwa kumpeleka mama Jumamosi saa nne, ilikuwa mezani, imejazwa kote isipokuwa hapo. Waliomba mama apokelewe kutwa: apelekwe asubuhi, arudishwe jioni, maana tangu siku ile alipoacha jiko linawaka na sufuria tupu, hakuna aliyeweza kwenda kazini kwa amani. Swali la kumi na nne liliuliza kama mzee husikia sauti za watu wasiokuwepo. Dada alisema alikuwa amepiga simu kituoni na kuuliza. Wasikiao sauti hawapokelewi kutwa. Hulazwa upande wa pili, wenye mlango mwekundu, na ufunguo hukaa kwa muuguzi.

"Watamfungia," fundi akasema.

"Watamlinda," sauti ya dada ikasema simuni. "Mdogo wangu, wewe unashinda juu ya ngazi za watu. Mimi niko mbali. Huyo wifi yangu atafua mashuka ya hoteli, aje afue na ya mama? Leo anamsikia baba. Kesho baba atamwambia awashe jiko."

Mke alikuwa anatazama ukuta.

Tangu asubuhi fundi alikuwa amebeba bodi ghorofa ya nne, na bega lilimwuma. "Basi," akasema, "mwacheni aende. Mimi nimechoka."

Mke akachukua kalamu ya bluu, akapiga alama ya vema kwenye kijumba cha Ndiyo.

*

Alhamisi asubuhi walikunywa chai watatu. Mama alikula mkate wake mpaka ukaisha, akakusanya makombo kwa kidole, kisha akauliza kwa heshima, kama mgeni anayeuliza njia:

"Mkwe wangu, huo mlango mwekundu ndio upi?"

Kikombe cha mke hakikuanguka. Alikiweka mezani polepole sana, akakisukuma mbali naye.

"Nani kasema mlango mwekundu, mama?"

"Baba yenu. Jana jioni. Anasema mimi nitakuwa upande wa mlango mwekundu." Akamgeukia mwanawe. "Akasema na yeye amechoka. Huko kuna kazi gani ya kumchosha mtu?"

Redio ilikuwa sebuleni, juu ya kabati, haijachomekwa. Mke aliitazama, akamtazama mumewe. Akainuka, akamwita jikoni, na huko akamwambia kwamba yeye si mtu wa mambo ya wafu, lakini maneno yaliyosemwa na watu watatu hayawezi kutoka kinywani mwa wa nne. Kwa hiyo mpaka Jumamosi ipite yeye atakuwa anakaa kwa rafiki yake wa kazini, akirudi jioni kupika tu. Alisema anaona aibu kusema hivyo. Akaondoka bila kumaliza chai.

"Nimesema neno baya?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

Fundi akachelewa kazini kwa makusudi. Alifungua dirisha la chumba cha mama akachungulia nje: ukuta wa jirani, umbali wa mita tatu. Alipanda stuli akagonga dari. Akapiga magoti kitandani, akabandika sikio ukutani karibu na mto, akangoja dakika kumi kwa saa yake. Hakusikia chochote. Mama, amekaa kwenye kiti juu ya nguo zake zilizokunjwa, alimngoja naye, mikono mapajani.

"Hasemi mkimsikiliza," akamwambia kwa upole. "Usihangaike."

Fundi alikwenda kazini na jambo ambalo hakuweza kulieleza, na asichoweza kukieleza hakukipenda.

*

Ijumaa walikuwa wanamalizia ofisi za ghorofa ya nne. Fundi wa jipsamu, bwana mmoja mnene aliyeitwa Chokaa, alikuwa na sauti nyembamba kama filimbi ya mwamuzi, na wenzake hawakumwacha apumue kwa ajili hiyo. Walisema mkewe akipigiwa simu naye hudhani ni shangazi. Siku hiyo alikuwa chumba cha pili, upande wa nyuma wa ukuta, anapaka plasta.

Fundi alipima kutoka sakafuni sentimita thelathini, akachora kwa penseli kijumba cha boksi la soketi, akaingiza ncha ya msumeno. Unga mweupe ukamwagika magotini. Kipande kikatoka kizima. Akainama kuangalia kama nguzo ya bati haijapita hapo, uso wake karibu kabisa na tundu, na kutoka ndani ya giza lile mzee akamwambia, polepole:

"Bado wanadhani hatujui."

Fundi aliruka nyuma akagonga ngazi.

Alibaki amechuchumaa hapo hapo, kisha akainuka, akazunguka mlangoni, akaingia chumba cha pili. Hakukuwa na mzee. Alikuwapo Chokaa, amepiga magoti, mbele yake tundu jingine la boksi, anamlalamikia msaidizi wake habari ya msimamizi.

"Rudia ulichosema," fundi akamwambia.

"Nimesema nini tena?" Chokaa akauliza kwa ile filimbi yake.

"Rudia vilevile. Ngoja nifike upande wa pili."

Akarudi, akainama. Sauti ikaja: nzito, ya taratibu, imekatwa ncha zote, sauti ya mtu aliye chini ya kisima. Bodi mbili na hewa katikati zilimeza wembamba wote wa Chokaa na kuacha uzito tu. Mtu yeyote akipita humo angetoka mzee.

Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana wa mjengo huo: katika ukuta wa jipsamu soketi mbili haziwekwi mgongo kwa mgongo. Ziachane sentimita sitini, nguzo ya bati katikati, na ndani ijazwe sufi ya kuzuia sauti. Alisema hivyo kila mara kama mtu anayesoma sheria. Na nyumbani kwake, Jumapili ile ya miezi mitano nyuma, zilimbakia mita moja na nusu za waya. Zilihitajika tatu na kidogo. Maduka ya waya yalikuwa yamefungwa. Alikata tundu moja la kupenya ukuta wote, upande huu hadi huu, akaunga soketi ya pili kutoka kwenye ya kwanza, akafunika. Pima maji ilionyesha sawasawa. Hakumwambia mtu.

*

Aliomba ruhusa, akafika nyumbani saa nane mchana. Mama alikuwa amejilaza, mlango wake umerudishwa. Fundi alizima swichi kuu, akajaribu kwa testa kuhakikisha, akafungua skrubu mbili za soketi ya sebuleni, akaivuta nje. Kulikuwa na ufito wa mwanga kandokando ya mgongo wa boksi la pili. Mwanga wa chumba cha mama. Akapima: kutoka tundu hadi pale ambapo mtu hukaa akiwa na simu, sentimita thelathini na tano. Kutoka tundu la pili hadi mto, ishirini.

Jana aliposikiliza, ukuta ulinyamaza kwa sababu aliyekuwa akisema ndiye aliyekuwa akisikiliza.

Ilibaki kujaribu. Akasogeza kinywa tunduni, akasema kama wanavyosema kazini wakipima laini:

"Moja. Mbili. Tatu."

"Leo umewahi," mama akajibu.

Fundi akaganda, soketi mkononi.

"Begi nimefunga kama ulivyotaka," mama akaendelea, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenziwe wa kitanda. "Lakini nina swali, na ukinijibu nitakwenda hata huko kwenye mlango mwekundu. Miaka arobaini na moja hukuniita mzigo. Nilipolazwa miezi minane ukanibeba mgongoni kwenda kuoga, hukuniita mzigo. Nani kakufundisha huko uliko?"

Kitanda kikalia.

"Na watoto usiwalaumu. Wao hawajui kitu. Wananificha nisiumie. Yule mwanao juzi kaniletea daftari, ananiandika kama fyuzi iliyoungua, nikamwonea huruma."

Neno moja lingetosha. Fundi alilipima. Angeweza kusema *baki*, kwa sauti ile isiyo yake, na mama angefungua begi, angezirudisha nguo kwenye kabati, na angebaki na mume aliyemtetea na watoto wasio na kosa. Ingekuwa kazi safi, mshono usingeonekana. Alifungua kinywa kabisa.

"Mama," akasema, "ni mimi."

Fundi akaweka soketi sakafuni, akazunguka, akaingia. Mama alikuwa amekaa, kiganja ukutani.

Alimweleza kama anavyoeleza mteja, kwa sababu hakujua namna nyingine. Alifungua na soketi yake, akamwonyesha tundu. Mama akainama akaona kupitia humo mguu wa kochi na redio yake juu ya kabati. Fundi akarudi sebuleni, akasema maneno mawili matatu, mama akasikia. Mama akamwuliza simu huwekwa wapi, naye akamwambia. Akauliza na binti yake anasikika vipi, akamwambia ni kwa sauti ya wazi.

"Kwa hiyo aliyesema mzigo ni wewe."

"Ni mimi."

"Jumanne."

"Jumanne. Nimetoka kazini."

"Si baba yako."

"Si baba, mama."

Mama alitazama vidole vyake. Fundi alisimama mbele yake kama mtu aliyevunja chombo cha nyumba ya watu.

"Afadhali," mama akasema.

Fundi hakuelewa.

"Wewe umechoka tu. Ukilala utaamka mwingine. Lakini yeye, kama amebadilika huko, ningemfuata wapi nikamwulize?"

Akavua viatu vya kutokea, kimoja kimoja, akavisukuma chini ya kitanda.

*

Mke alipofika kupika alikuta sebule imejaa unga mweupe. Alielezwa, akaketi kwenye ile stuli fupi, na mkono ukapanda wenyewe kuziba kinywa. Ilikuwa dhahiri anahesabu miezi mitano. Mama alimwacha ahesabu, kisha akasema mlangoni mwake kwamba kuhusu yale malalamiko ya simuni ya chumvi kwenye mboga, yeye huwa anaweka kijiko kimoja tu, atakayeona nyingi ajipunguzie mwenyewe.

"Nisamehe, mama."

"Na wifi yako mwambie, hata ndani ya ukuta anapiga kelele."

Mke alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akaenda kufuta unga.

Fundi alifanya kazi kama inavyotakiwa. Alikata tundu jipya sentimita sitini kutoka la zamani, nguzo ya bati katikati; akapitisha waya mpya wa mita tatu na robo; akajaza sufi hata mkono usipite; akaziba tundu la zamani kwa kipande cha bodi na plasta. Mama alishika tochi. Fundi akiwa anakaza masikio ya boksi yakabane bodi kwa nyuma, alikumbuka daftari. Kila neno mle sasa lilikuwa na msemaji na siku yake. Jumamosi na saa nne, mkewe. Shuka, mkewe tena. Mzigo, yeye. Mlango mwekundu, dada. Lilibaki moja.

"Mama, lile la waya haukutosha. Ulilisikia lini?"

"Lile? Siku ileile uliyofunga soketi. Ulikuwa umetoka kuazima skrubu kwa jirani."

"Nani alikuwa nyumbani?"

"Mimi."

Mkewe siku hiyo alikuwa kiwandani. Simu alikuwa nayo mkewe hukohuko. Fundi alijiuliza kama alikuwa amenong'ona kabla ya kutoka. Hakuwa mtu wa kujisemesha, na hata kama angekuwa, mama angesikia kabla hajatoka, si baadaye. Alilipitia mara mbili. Mwanga wa tochi haukutikisika.

"Kesho wakiniuliza," mama akasema, "nitasema nini?"

"Sema ulimsikia mwanao, na mwanao ameziba."

"Na hilo la waya?"

Fundi alikaza skrubu ya mwisho, akaweka pima maji. Sawasawa.

"Hilo usiseme."

Mama akatikisa kichwa kukubali, bila kumwuliza sababu.

Fundi aliketi mezani na ile fomu. Alipiga mstari kwa rula juu ya vema ya bluu, akaweka vema nyingine kwenye kijumba cha Hapana, akatia sahihi pembeni kama anavyosahihisha mchoro. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuandika kipimo ambacho hakukipima. Mkewe, aliyesimama nyuma yake na taulo, alisema asubuhi atavaa gauni la kijani ili aende na mama, na kwamba leo halali kwa rafiki.

Kisha fundi akarudi chumbani, akachomeka redio kwenye soketi mpya, ikawaka. Akashika ubao wa kitanda kukivuta mbali na ukuta, kichwa kielekee dirishani penye hewa.

"Hapana," mama akasema, mto mkononi. "Kiache palepale."

Fundi akakiacha.